Barua Niliyomsomea Koultoumi

Watu wa mtaa wetu wa Mutsamudu walinizoea kwa jina la Fundi Ridjali, fundi wa chuo cha Kurani, na kwa miaka ishirini na sita niliwasomea barua zao nikiwa sijui kusoma.

Najua umeshakunja uso. Mimi mwenyewe, mtu angeniambia maneno hayo kabla ya mwaka sabini na saba, ningemtoa chuoni kwa bakora, awe mtoto au babu. Kurani nilikuwa nimeihifadhi yote nikiwa na miaka kumi na mitatu. Sikio langu likishika kitu mara moja, hakitoki. Nilipofungua msahafu, ulimi ulikuwa umeshatangulia na macho yanaburutwa nyuma, na kwa kuwa sikukosea hata herufi moja, hakuna aliyegundua kwamba macho hayakuwa na kazi pale. Nami sikugundua. Majina ya herufi niliyajua, na watoto niliwaimbisha. Lakini kuzikamata herufi na kuzifanya ziseme neno nisilolijua, hilo sikufundishwa, sikuulizwa, na sikujua kama lipo.

Barua zilikuwa jambo jingine. Watu wetu wa visiwani walitapakaa ng'ambo, Majunga na Unguja, na waliandika lugha yetu kwa herufi za Kiarabu, za mkono, za haraka, bila irabu. Mwanzo wa barua zote ulikuwa mmoja: salamu, dua, sifa za mpokeaji, kisha amma baadu inayofungua habari yenyewe. Hapo nilighani kwa raha zangu. Baada ya hapo nilikohoa, nikaitazama karatasi kwa uzito, nikauliza, "Mara ya mwisho alisemaje huyu?" Mwanamke aliyeileta alinieleza yote, tena kwa kirefu, nami nikamrudishia yaleyale nimeyapamba kidogo. Mgonjwa amepata nafuu. Kazi ipo. Anawakumbuka. Sikuona kuwa ni uongo. Niliona ni adabu: mtu amekuja na hamu yake, usimrudishe mikono mitupu.

Bi Koultoumi alikuja mwishoni mwa Oktoba, mwaka sabini na sita. Alikuwa mjane, anakaa nyumba ya nne kutoka chuoni kwangu, anashona kofia za mkono, na alikuwa na mtoto mmoja tu, Hayati, wa miaka kumi na saba. Tulikuwa tumejitawala mwaka mmoja na kidogo. Wafaransa walikuwa wameondoka na walimu wao, na vijana wa kamati ya mtaa walipita nyumba kwa nyumba kuwaandikisha mabinti kwenye kazi za mapinduzi. Koultoumi hakutaka mwanawe aandikishwe. Alikuwa amempelekea ujumbe kaka yake Youssoufa, seremala kule Majunga, kwa mdomo wa msafiri: nimlete Hayati kwako? Sasa jibu lilikuwa limekuja.

Nikaghani salamu. Nikafika amma baadu, nikamtazama. Kidoleni alikuwa bado amevaa subana la kushonea, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka jibu moja tu.

"Anasema mlete," nikamwambia. "Amefurahi sana. Ameshamtafutia cherehani, atashona hapo hapo nyumbani kwake."

"Cherehani?"

"Ya kukanyaga," nikasema, maana niliona furaha yake na mimi ikaniingia.

Aliibusu ile karatasi, kisha akaubusu mkono wangu. Hayati aliondoka Novemba kwa meli, pamoja na familia moja ya mtaa wa Hombo iliyokuwa ikirudi Majunga, amejifunga shiromani mpya, ile nguo ya heshima ya wanawake wetu.

Siku za mwisho za Desemba redio ikasema watu wetu wanauawa Majunga. Sitaeleza yaliyotokea huko. Wapo walioyaona, na hata wao hawawezi. Waliosalimika waliletwa kwa meli na kwa ndege, tukawaita Sabena kwa jina la ndege zilizowaleta. Mmoja wao, mama wa ile familia ya Hombo, ndiye aliyekuja kumwambia Koultoumi kwamba Youssoufa na Hayati waliuawa pamoja, uani, siku ya pili. Maiti hatukuziona. Tulisoma hitima bila maiti, na aliyeisoma kwa sauti iliyowaliza watu ni mimi. Niliamini ni kadari ya Mungu, nikaenda zangu kulala.

Mwaka uliofuata serikali iliwaachisha kazi makarani, ikachoma mafaili, ikawapa wanafunzi nchi waiendeshe. Mkubwa wa mtaa wetu akawa Idarousse, kijana wa miaka kumi na tisa niliyemchapa mwenyewe chuoni. Alikuja mlangoni kwangu na bunduki begani.

"Kwezi, fundi," akanisalimu kama anavyosalimiwa mkubwa.

"Mbona," nikamwitikia kwa itikio letu, ingawa kwa shingo upande.

"Nchi inataka wanawake wasome na kuandika lugha yao. Shule ya herufi za Kifaransa hawataki kwenda, za kwako wamezizoea tangu utotoni. Utawafundisha wewe. Lakini si Kurani. Kusoma."

"Kurani si kusoma?" nikafoka.

"Ni kusoma, fundi. Ila tunataka waweze kusoma na kile ambacho hawajasomewa."

Niliona ni maneno ya mikutano yao tu. Nikapelekwa Moroni, mji mkuu, siku kumi, nikajifunze kufundisha.

Tulikuwa mafundi wa chuo kumi na wawili, watu wazima na ndevu zetu, tumepangwa kwenye mabenchi ndani ya nyumba moja ya mtaa wa Magoudjou. Nje wachuuzi walikuwa wanagombana juu ya mihogo, na ndani, mbele yetu, alisimama binti wa miaka kumi na minane, kichwa wazi, jina lake Moinafouraha. Nilimchukia tangu aliposhika chaki kwa mkono wa kushoto. Kila siku alimwambia mmoja wetu aseme sentensi yoyote, akaiandika ubaoni, na kesho yake mwingine akatakiwa kuisoma. Kwangu huo ulikuwa mchezo: nilichokisikia jana, leo nakisema. Binti akanisifu mbele ya wote.

Siku ya saba aliandika jambo ambalo hakuna aliyelitamka. "Fundi Ridjali," akasema.

Nilitazama ubao. Kila herufi pale niliijua kwa jina. Nikaziita moja moja moyoni, na zikabaki hivyo hivyo, moja moja. Jasho likanitoka mpaka kanzu ikashika mgongo. Wenzangu walidhani nimeghadhibika, kwa kuwa sifa hiyo ninayo, nami nikautumia mwanya huo: nikainuka nikasema sifundishwi na mtoto asiyejifunika, nikatoka.

Alinifuata barazani. Alisimama mbali kidogo, kama inavyotakiwa, akazungumza kwa sauti ya chini.

"Wenzako watano wako hivyo hivyo, fundi. Na mimi herufi hizi sikuzijua vizuri mpaka nilipoambiwa niwafundishe nyinyi, nimesoma za Kifaransa tu. Nenda kafundishe. Watakachokuuliza, kitafute kabla hawajarudi. Utajua huko huko."

Mkono uliniwasha kumzaba kofi. Badala yake nilirudi ndani nikakaa kwenye benchi.

Darasa lilianza Septemba, wanawake kumi na saba, chumba kile kile cha chuo, baada ya alasiri. Bakora niliitundika ukutani, kwa sababu hakuna mtu wa kumchapa Bi Batoul, mwenye wajukuu tisa na ulimi usio na breki. Huyo ndiye aliyeniadhibu kwa maswali.

"Fundi, hii ha jana ilikuwa na macho mawili. Leo mbona ina tumbo tu?"

"Ndivyo ilivyo."

"Ndivyo ilivyo kwa nini?"

Sikujua. Miaka arobaini nilikuwa nimeitazama ha bila kuiona. Nikawaambia tutalieleza kesho, na kesho yake baada ya sala ya alfajiri nikakaa na msahafu, nikaufunga mdomo wangu kwa kitambaa. Kweli kabisa, nilijifunga kama mtu anayeumwa jino, ili ulimi usinitangulie, macho yalazimike kutembea yenyewe. Ikanichukua mpaka jua kupanda, lakini nikaona: herufi ikiwa peke yake inajinyoosha, ikishikwa na jirani zake inajikunja, na kila moja ina namna yake ya kushikwa. Alasiri nikawaeleza wanawake. Na pale nilipokuwa naeleza, nikimtafutia Batoul mfano atakaoukubali, nikaelewa jambo jingine ambalo alfajiri halikunijia.

Ikawa hivyo kila siku. Wanauliza, najifunga kitambaa, narudi naeleza, na katika kueleza naligundua shimo jingine. Sikuwahi kufanya kazi namna ile. Watoto wa chuo niliwaingizia sura vichwani mwao kwa fimbo, nami nikabaki nilivyo. Hawa wanawake hawakukubali kitu mpaka kiwe na sababu, na mimi nilitangulia kuitafuta sababu kwa hofu ya kuaibika tu.

Mwezi wa tatu wa darasa, Zoubeida, muuza samaki asiyesema sana, alinipa kibao chake bila neno. Nikakitazama, nikacheka kabla sijajua ninachekea nini. Alikuwa ameandika: Mama mkwe wangu anakoroma. Hakuna mtu aliyekuwa ameyatamka maneno hayo. Yalikuwa yameingia kichwani mwangu kwa njia ya macho. Nilikuwa na miaka hamsini na tatu. Nilitoka uani nikalia, na wale wanawake walidhani ni tumbo. Nakwambia wazi, sijapata furaha kama ile tangu nizaliwe, na sikuwa na mtu wa kumsimulia.

Kwa kiburi cha furaha hiyo nikawaambia: wiki hii kila mtu alete karatasi yoyote iliyoandikwa, iliyoko nyumbani kwake. Lilikuwa wazo langu mwenyewe.

Koultoumi alileta barua ya Youssoufa, ameifunga katika kitambaa cha hariri.

"Hii uliwahi kuisoma, fundi, haitakusumbua," akasema. "Mimi nataka siku moja nifike mwenyewe pale kaka yangu anapotaja cherehani. Nisikie alivyomwita mwanangu."

Nikaikunjua. Salamu, dua, amma baadu. Safari hii macho hayakusimama hapo.

"Habari ya Hayati nimeifikiri siku tatu. Mzuie huko huko, dada yangu. Hapa majirani wametugeukia, juzi wametutupia mawe tukitoka msikitini, na kila siku maneno yanazidi. Mimi mwenyewe nafunga vitu vyangu, nikipata nafasi melini nitarudi. Usimpe mtu yeyote mtoto amlete. Heri aandikishwe na hao vijana, awe karibu nawe umwone. Nitakapofika tutashauriana mengine."

Niliisoma mara moja tu. Kwa balaa langu mara moja inatosha. Ninayo mpaka leo, hadi mahali wino ulipomwagika.

Chumba kilikuwa kimejaa wanawake wakinong'onezana silabi. Koultoumi alikuwa ananitazama kwa ile imani yake. Mimi ndiye niliyemwua Hayati. Sikulisema neno hilo kwa sauti, lakini lilikuja hivyo hivyo, halina pambo. Si Majunga, si kadari. Mjomba alisema mzuie, nami nikasema mlete, nikamtilia na cherehani.

"Mwandiko mbaya," nikamwambia. "Si wa wanafunzi. Iweke."

Akaikunja, akairudisha kwenye hariri yake.

Siku ya tatu nilikwenda nyumbani kwake kumwambia. Nilikuwa nimekwisha kuyapanga maneno njiani. Akanikaribisha barazani, akaniletea chai na shelisheli la kukaanga, akaanza yeye kuzungumza. Alisema kinachompa subira ni kujua kwamba mtoto alikwenda kwa watu wanaomtaka. Kwamba kaka yake, fukara yule, alihangaika mpaka akapata cherehani. Alisema wakati mwingine akishona huwa anaifikiria, ilikuwa ya rangi gani. Nikala shelisheli. Nikanywa chai yote. Nikaaga.

Kuanzia hapo nikafundisha kwa hila. Sikuweza kulivunja darasa, Idarousse alikuwa anahesabu mahudhurio. Lakini niliweza kuwafundisha herufi za msahafu tu, zilizosimama wima na irabu zake juu na chini, na kuwanyima mwandiko wa mkono, ule wa Youssoufa. Na ili kuwanyima vizuri, ilinibidi niujue. Niliiandika barua ile kwa chaki kwenye kibao kila alfajiri, jinsi yule seremala alivyokuwa anaunganisha, anavyoacha irabu, anavyofupisha, kisha nikaifuta. Hakuna kitu nilichokisoma maishani kwa undani kama mistari ile kumi na miwili. Nikajua maneno gani yatamjia mapema, nikayakwepa katika masomo. Mwalimu gani anafanya hivyo? Mimi nilifanya miezi miwili.

Batoul akanikamata. "Fundi, nani ametuandikia barua na vijiti hivi vya irabu? Mwanangu haandiki hivi. Unatufundisha kusoma kitu ambacho hakitaletwa mlangoni."

Nikamwambia mambo ni hatua kwa hatua. Akasema sawa. Baada ya siku chache nikasikia wanakutana asubuhi barazani kwa Koultoumi, wameleta karatasi zao, wanahangaika na mwandiko wa mkono wenyewe. Walikuwa wanafundishana. Asiyejua anauliza, anayejua nusu anaeleza, na akishaeleza anakuwa anajua zaidi ya nusu. Njia ile niliijua vizuri, na nilijua inafika wapi.

Mtihani ulikuwa Februari. Moinafouraha aliteremka uwanjani Ouani na ndege ya asubuhi, akaja na daftari lake, na Idarousse akaja na vijana kumi wa kamati wakakaa mbele. Mimi nilikuwa nimeandika sentensi ubaoni, sita, safi, na wanawake walikuwa wamezizoea kwa wiki mbili. Binti akazitazama, akanitazama.

"Hizi watakuwa wameshazikariri, fundi," akasema, wala si kwa ubaya. "Kila mmoja asome karatasi ya kwake."

Batoul akasoma cheti cha ndoa ya marehemu mumewe, akikosoa mwandiko wa aliyekiandika. Watu wakacheka. Zoubeida akasoma. Wengine wakasoma. Koultoumi akasimama, akafungua hariri.

Mtu anayesoma herufi kwa herufi, maana humchelewa. Anashughulika na kuunganisha, na neno likishakamilika ndipo anapoligeukia kuliangalia. Alisoma salamu kwa shida, akasoma dua. Akasoma "Habari ya Hayati," akatabasamu, akasita hapo kidogo kama mtu aliyekaribishwa ndani. "Nimeifikiri siku tatu." Kisha akakwama.

Alijaribu mara mbili. Akaja mpaka nilipokaa, akanishikia karatasi mbele ya macho.

"Fundi, hili limenishinda."

Ningeweza kumpa neno lolote. Angeniamini, angelichukua na kuendelea, na mbele angekwama tena kwa kuwa maneno hayaungani, nami ningempa jingine, na jingine, mpaka mwisho wa barua. Mbele ya binti wa Moroni nisingeaibika hata kidogo, maana yeye barua hakuwa nayo. Nilikuwa nimeshaufungua mdomo. Lakini uso ule ulikuwa uso wa mwanafunzi wangu, ameuliza swali, na kwa miezi sita nilikuwa nimejibu kila swali kwa kweli isipokuwa lake.

"Mzuie," nikasema.

"Mzuie," akarudia, akilipima. "Mzuie huko huko, dada yangu."

Akarudi mahali pake akaendelea. Sauti ilizidi kuwa nyepesi, maneno yakaja moja baada ya jingine bila kukwama, mawe, msikiti, meli, usimpe mtu yeyote. Alisoma vizuri kuliko wote. Alipofika mwisho aliigeuza karatasi. Nyuma hakukuwa na kitu.

"Cherehani haimo," akasema.

"Haimo."

"Ulisema wewe."

"Nilisema mimi. Nilikuwa sijui kusoma."

Vijana wa kamati hawakuelewa. Walichosikia ni mama wa mtaani, ambaye mwaka jana hakujua kitu, amesoma barua nzima. Idarousse akaanza kupiga makofi, na wenzake wote wakapiga, kwa furaha ya kweli. Moinafouraha hakupiga. Kalamu yake ilisimama juu ya daftari muda mrefu, halafu akaandika kwamba amefaulu. Wanawake wakakunja karatasi zao, Batoul wa kwanza.

Koultoumi aliikunja barua akatoka. Hakunitukana. Ningetaka anitukane, avue kiatu, awaambie vijana wanifunge kamba. Walikuwa hapo hapo na bunduki zao. Nilikwenda mlangoni kwake mara tatu wiki ile. Nilibisha hodi nikimsikia ndani anatembea, na mara zote tatu hakufungua.

Mwezi wa Mei serikali ikapinduliwa. Ng'ombe walichinjwa, wanawake wakaimba vichochoroni, Idarousse akakimbilia milimani akakamatwa siku ya nne. Ubao wetu ulichomwa pamoja na vitu vya kamati. Wakubwa wa mtaa walinijia na kanzu zao nyeupe, wakasema yale yote yamekwisha, nirudi kwenye chuo changu na heshima yangu. Kila mtu alikuwa anarudishiwa cheo chake, na mimi nikarudishiwa changu. Watoto wakaja. Lakini hakuna mwanamke hata mmoja aliyeniletea barua.

Walikuwa wanazipeleka kwa Koultoumi. Si mpya tu. Walizitoa za zamani, masandukuni na ndani ya mito, za miaka ishirini na sita, wakazipeleka kwa vikapu, na yeye akazisoma barazani kwake kila asubuhi, moja moja. Nilisikia habari zake kama watu wote walivyosikia. Mmoja akajua kwamba alipewa talaka miaka tisa iliyopita, naye alikuwa amekataa wachumba wawili akimngoja mume aliyekwisha kumwacha. Mwingine akajua kwamba mwanawe aliomba radhi yake kabla ya kufa, na hakupewa, kwa sababu mimi nilimsomea kwamba mvua ni nzuri na kazi inaendelea. Nilibadilisha njia ya kwenda msikitini ili nisipite pale.

Mwishoni mwa Juni alimtuma Batoul kuniita. Nikaenda. Nilioga kwanza, nikavaa kanzu safi, sijui kwa nini.

Baraza ilijaa. Walinipisha bila kunisalimu, nikakaa mkekani ambapo palikuwa pameachwa nafasi. Koultoumi alikuwa amekonda. Mbele yake alikaa mwanamke wa makamo nisiyemkumbuka, aliyekuwa ametembea kwa miguu kutoka Ouani, mavumbi yamempanda mpaka magotini.

"Mwandiko huu umenishinda," Koultoumi akaniambia. "Wewe unaweza. Soma kilichoandikwa."

Akanipa karatasi ya mwaka sitini na tatu. Nikaanza salamu, na yeye akasogea, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akawa ananifuata neno kwa neno nisije nikaruka. Ilikuwa ya baba, kutoka Unguja. Alisema miguu imevimba, daktari amekata tamaa, na kila siku anawaambia watu wafungue mlango kwa sababu binti yake yuko njiani. Njoo, mwanangu. Nikasoma mpaka tarehe.

Yule mwanamke hakulia, aliuliza tu, kwa upole, kama mtu anayeuliza njia.

"Siku ile ulinisomea nini, fundi?"

Nilitafuta. Mimi ambaye sura zote ninazo, ambaye barua ya Youssoufa ninayo na doa lake la wino, nilitafuta kila mahali ndani ya kichwa changu.

"Sikumbuki," nikamwambia.

Koultoumi hakunitazama. Alichukua barua nyingine kikapuni, akaikunjua juu ya goti langu, akaweka kidole chini ya neno la kwanza.